Safu za Matofali ya Kwanza

Mchungaji alipotangaza kwamba historia ya kanisa letu la Greyville itaandikwa kwa ajili ya yubilei na kijana wa duka la simu, nilipiga makofi kama wengine, huku nikihisi mtu ameingia chumbani mwangu na kukaa kitandani. Anayejulikana pale kuwa mwandishi ni mimi. Ni mimi niliyelizunguka jengo lile miaka mitatu, kila baada ya ibada ya Kiswahili, nikizisoma kuta zake.

Lilianza dogo, la matofali. Waliofuata wakalibomoa, wakajenga la mawe. Wajukuu wao wakapandisha paa, wakaongeza mnara. Kila kizazi kilifuta kilichotangulia, isipokuwa nyuma, chini ya bomba la maji ya mvua. Hapo zilibaki safu tano za matofali ya kwanza, zenye alama za vidole vya walioyafinyanga. Katika alama moja kidole changu kilizama hadi kwenye ukucha. Sikumwambia mtu.

Kijana alinifuata nje na daftari lake.

“Yaya mwandishi,” akasema, akiniita mkubwa wake kama ilivyo desturi ya kwetu, “unisaidie. Iko kitu kilibakia cha kanisa ya kwanza?”

“Hapana. Walibomoa yote.”

“Eish. Nilitumaini hata tofali moja.”

Akaandika, kisha akanisomea sentensi yake. Ilikuwa nzuri. Hilo liliniuma zaidi.

Kwetu Bukavu, sikukuu haiingii kanisani kabla ya chokaa. Basi hata huku ugenini, Jumamosi ya kuamkia yubilei, kila familia ilipewa ndoo, brashi na kipande cha ukuta wa nyuma. Chetu kiliangukia kwenye bomba.

“Hizi tofali ni chafu sana,” mama akasema. “Paka wewe huku chini, mie mugongo inaniuma.”

Kijana alikuwa hatua nne tu kutoka kwetu. “Mwandishi,” akanitania, “leo kalamu yako ni kubwa kuliko ya mimi.”

Neno moja tu, na angekuja na daftari. Kesho yake matofali yangekuwa yake. Nikachuchumaa. Chokaa ikajaza alama moja baada ya nyingine. Ile ya kidole changu niliipaka mara tatu.

Jumapili kijana alisoma historia yake vizuri. “Cha kanisa la kwanza hakikubaki kitu,” akasema, kisha akanishukuru mbele ya watu wote kwa kumsaidia.

Mama akanigonga goti. “Simama, wakuone.”

Nikasimama.