Polisi Aliyeganda Kitini

Juzi, katika kliniki moja hapa Minneapolis, nilikaa karibu na bibi wa Kitanzania na mjukuu wake wa kike. Bibi aliuliza kwa Kiswahili, mjukuu akajibu kwa Kiingereza, mwishowe wote wakachoka. Kwenye televisheni ikaanza filamu ya zamani isiyo na sauti. Mtoto mtundu alipaka kiti gundi, polisi akakikalia, kisha akainuka nacho.

"Ni wewe huyo!" bibi akasema, akimwonyesha mjukuu yule mtoto wa kwenye filamu.

Mjukuu akaonyesha polisi, kisha akamnyooshea bibi kidole. Bibi akacheka hadi akashika mbavu.

Kwetu bibi na mjukuu ni watani. Hawa nilidhani lugha imewanyima utani wao.

Filamu ikaisha, akatokea mtangazaji mwenye maneno mengi, na wale wawili wakanyamaza.