Jiwe la Wanja kutoka Nuu

Mwaka wa 1952, ukitaka kujua kilichomo ndani ya mlima wa Nuu ungemuuliza Kiema, na hata usipomuuliza angekuambia. Alikuwa amechimba mitaro kwa mzungu mmoja mpima mawe, na elimu ilikuwa imemjaa mpaka kooni. Angekusimamisha njiani na mzigo wako kichwani akueleze kwamba mwamba wa kijivu wenye mistari ndio mkongwe, ulipikwa na kukunjwa chini ya ardhi. Kwamba ulipopasuka, maji ya moto yalipanda kwenye ufa yakaacha jiwe jeupe. Na kwamba ndani ya mshipa huo mweupe ndimo madini ya risasi yalimolala. Juu, palipopigwa na mvua, madini yameoza yakawa ganda la kijivu lisilo na sura. Livunje hilo ganda. Ndani jiwe linang'aa, zito ajabu mkononi, na ukilipiga nyundo linakatika vipande vya pembe nne, navyo ukivipiga vinakatika pembe nne vilevile.

"Hii Mungu alikata na msumeno," alikuwa akisema.

Majigambo hayo ndiyo yaliyomponza. Siku moja alitoa kipande mfukoni akakiweka mezani katika duka la Abdulatif, mtu wa asili ya pwani aliyekuwa akiuza nguo pale sokoni. Shufaa, mkewe Abdulatif, alikuwa na mimba ya miezi minane. Alikiokota, akakigeuzageuza, akapiga kigelegele.

"Bwana Kiema, hili ni jiwe la wanja! Nyanya yangu alikuwa nalo, lililetwa kutoka Arabuni. Nimelitafuta tangu niolewe huku bara."

"Chukua, mama. Iko mingi kule."

Akazaliwa mtoto wa kike, Tima. Shufaa hakuweza kumtoa mtoto nje bila wanja, macho ya watu yasije yakamdhuru. Alilisaga jiwe likawa unga mweusi laini, akampaka machoni, kwenye nyusi na kitovuni, kila asubuhi bila kukosa. Arobaini ilipotimia Kiema alikwenda kumwona mtoto pamoja na Kalunde, mkewe. Kalunde hakuwa amejaliwa kuzaa. Alimpakata Tima kwa muda mrefu.

"Huyu ni mzuri, mpaka mtu anataka kumuiba," alisema, na watu wakacheka.

Wiki mbili baadaye Tima alipauka, akakataa titi, akashikwa na degedege, akafa.

Hakuna aliyemtaja Kalunde waziwazi. Wanawake walianza tu kuwafunika watoto wao kanga alipopita, na kule mtoni wanakochota maji mchangani walimwachia zamu yao ili aondoke haraka. Kiema aliyaona yote hayo, na mdomo wake uliokuwa haufungiki ukafungika.

Alikuwa amewakumbuka mbuzi watatu waliokunywa maji ya kuoshea mawe kule mtaroni, wakatetemeka na kufa. Siku ile mzungu aliwaambia vibarua wote, "Hii sumu. Nawa mikono kabla ya kula." Walimcheka alipogeuka. Walidhani ni dharau tu, kwamba mikono yao myeusi inamtia kinyaa. Kiema ndiye aliyecheka kuliko wote.

Mshipa wenyewe haukudumu. Juu ulikuwa mpana kama kitanda. Chini ukabanwa ukawa kiganja, kisha kidole, kisha mwamba mtupu. Mzungu akafunga hema zake akaenda. Ila Kiema hakuachwa. Akipitisha ng'ombe karibu na mtaro mchana kweupe, alisikia mtoto akilia humo ndani, na ng'ombe nao wakasimama wakatega masikio. Kitu chochote kilichong'aa njiani kilimtia baridi. Akawa ananawa mikono mpaka inachubuka.

"Unaosha nini, baba?" Kalunde alimuuliza mara moja. Aliongeza maji.

Miaka miwili ikapita, Shufaa akamwita. Alikuwa amejifungua tena, mvulana, Salim.

"Lile jiwe limekwisha," alisema. "Tafadhali niletee lingine, kubwa. Safari hii nitampaka mara mbili kwa siku. Tima nilimpaka kidogo, ndiyo maana jicho lilipenya. Na samahani, Bwana Kiema, mkeo asije."

Kiema alihisi mfukoni mwake kipande cha mwisho, alichoshindwa kukitupa. Angeweza kusema mlima umekwisha, na angekuwa amesema nusu ya ukweli. Alitazama nyusi za Salim, safi bado.

"Mama, ni hiyo jiwe," alisema. "Si macho ya mtu. Hiyo jiwe ni sumu, na mimi nilikuwa nimeambiwa."

Shufaa hakulia wala hakumtukana. Aliinua kidole chake cha shahada, kile cha kupakia wanja, akakitazama mpaka Kiema akashindwa kukaa.

Alifika nyumbani akamwambia Kalunde yote, mbuzi, mzungu, kicheko. Alitarajia apigwe au aachwe. Kalunde alikaa chini polepole kando ya jiko.

"Kumbe si mimi," alisema. "Miaka miwili natembea nikiangalia chini, nisiue mtoto mwingine."