Miguu ya Mwalimu wa Timu

Mwalimu wa timu ya kiwanda cha mbao, pale Mafinga, hakai kwenye benchi. Kila mechi huchagua mchezaji mmoja na kumfuata kutoka nje ya mstari: akikimbia, naye anakimbia, akitembea, anatembea, akisimama, anasimama, mikono nyuma, kofia ya sufu imeshuka mpaka kwenye nyusi. Watu walishamcheka wakachoka. Yeye anataka kujua kila namba inamchosha mtu kiasi gani, na kipimo alicho nacho ni miguu yake mwenyewe. Mkewe, Apolonia, hana haja ya kuuliza leo alimfuata nani. Mumewe akimfuata golikipa, hurudi akidai chai. Akimfuata beki, anadai chai na maji ya moto. Siku ya winga haongei kabisa, na ugali wake unalala.

Jumapili moja, baada ya mechi, viongozi wa timu walimkuta nyumbani, kwenye kigoda, bado amevaa viatu. Walitaka kiungo wao, Liberatus, aachwe.

"Hafungi, hazuii, anazurura tu pale katikati," mwenyekiti alisema. "Mvivu yule."

Mwalimu aliwasikiliza mpaka mwisho. Hakupandisha sauti, hajawahi.

"Leo nilikuwa na Liberatus," alisema, akanyoosha mguu mmoja taratibu. "Hebu nisaidie viatu, mwenyekiti. Kuinama siwezi."

Apolonia alikuwa ameshaleta beseni kubwa, lile la kufulia. Mwenyekiti aliutazama ule mguu unavyotetemeka, akachuchumaa, akaanza kufungua kamba.