Kurasa Nilizoziruka

Harufu ya nywele za bandia zinapochomwa ncha hukwama kooni na kukaa huko mpaka unywe kitu cha moto. Juzi nilikuwa napita soko la Warwick, hapa Durban, kurudi nyumbani, nikamkuta msichana ameketi juu ya kreti, anamalizia kichwa cha mteja. Aliwasha kiberiti cha gesi, akapitisha moto kwenye ncha za rasta, moja baada ya nyingine, kwa utaratibu ule ule wa mama yangu. Nilisimama kama mwehu. Watu walinipiga vikumbo, mama mmoja aliyebeba gunia la kabichi akanitukana kwa Kizulu, na haki yake. Mimi nilikuwa nimesharudi kwenye miaka kumi, nimekaa sakafuni, kitabu magotini.

Habari ya kitabu hicho nitawaambia ninyi, kwa sababu hamnijui. Mume wangu mwenyewe haijui.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya tisini. Vita vilikuwa vimetutoa kwetu Uvira na kutuburuta mpaka Durban, na mama alikuwa akisuka katika saluni moja, ghorofa ya pili, mahali ambapo kelele za makondakta wa teksi ziliingia dirishani tangu asubuhi. Wasusi walikuwa tisa, wote kina mama wa kwetu. Mwenye saluni alikuwa mwenyekiti wa wakimbizi wenzetu, tukimwita Papa Prezida. Alikuwa na tumbo lililotangulia kufika mahali kabla yake na daftari la jalada jeusi ambalo hakuliacha hata akienda chooni.

Daftari hilo ndilo lililokuwa na maisha yetu. Ofisi ya karatasi za ukimbizi ilipotaka majina, Prezida aliandika orodha: mwanaume juu, mke chini yake, watoto chini ya mke. Faili, au dosye kama tulivyoliita, lilikuwa la mwanaume. Sasa baba alikuwa amekwenda Cape Town kutafuta kazi, na karatasi halisi alikwenda nayo mfukoni kwa kuwa dosye ni yake. Mama alibaki na fotokopi iliyokunjwa mara nne ndani ya sidiria. Tarehe yake ilikuwa inakaribia kwisha, ofisi ilimtaka mwenye dosye afike kwa miguu yake, na baba alikuwa ameacha kupokea simu. Mama alianza kutembea akiangalia chini. Akiona gari la polisi kwenye robot, yaani taa za barabarani, aliingia duka lolote lililo karibu. Siku moja tuliingia la majeneza, tukajifanya tunauliza bei.

Alimwendea Prezida mara tatu, akimwomba amwandike peke yake, juu.

"Mama Furaha," alisema Prezida, "mwanamuke anaandikwaka chini ya bwana yake. Iko vile tangu kwetu. Mimi nitabadilisha Biblia?"

Furaha ni mimi. Jina lenyewe limenishinda kulitumikia.

Kitabu kilitoka katika kasha la msaada kanisani. Wenzangu walipata viatu. Mimi nilifika nimechelewa, nikapata kitabu kutoka Amerika, kikubwa, chenye muhuri wa shule fulani na ukungu kwenye kingo. Nilikichukia mpaka mama alipokifungua mwenyewe, akiwa na kitana mdomoni, akakuta picha ya kina mama weusi wenye kofia na mikoba, wanatembea barabarani kwa mstari, na nyuma yao basi linapita bila mtu ndani.

"Hawa bamama banaenda wapi?" aliuliza. "Na basi, juu ya nini iko tupu?"

Mama hakujua Kiingereza. Mimi nilikuwa nimekiokota shuleni Overport, kama watoto wote wa wakimbizi, na ndimi niliyekuwa ulimi wake sokoni, hospitalini na ofisini. Nilisoma maelezo chini ya picha, nikamweleza: katika mji mmoja wa kusini mwa Amerika, watu weusi walilazimishwa kukaa nyuma ya basi na kumwachia mzungu kiti. Kina mama wakasema basi, hatupandi tena. Mji mzima ukatembea.

Mikono ya wasusi ilisimama vichwani mwa wateja. Hata Mama Riziki, kijana kuliko wote na mcheshi wa kupindukia, aliacha mdomo wazi. Tangu siku hiyo kila nikitoka shule niliketi sakafuni kati ya vipande vya nywele, nikasoma na kutafsiri huku wao wakisuka. Wateja wa Kizulu walidhani ni ibada.

Ninachowaomba mnielewe ni kwamba nilikuwa na miaka kumi, na chini, kwenye kibaraza, wasichana walikuwa wanaruka kamba. Niliwasikia wakihesabu. Kitabu kilikuwa kimefika mahali pasipo na picha, kurasa na kurasa za maneno marefu. Alasiri moja, wenzangu wakiwa wamefika hamsini bila kukosea, nilikamata kurasa zote zile kwa vidole viwili, nikazifunua kwa pamoja kana kwamba ni ukurasa mmoja. Nikatua kwenye picha ya watu wanapanda basi, wanacheka, wamekaa viti vya mbele.

"Wakashinda," nikasema, nikaanza kuinuka.

"Ngoja kwanza," alisema Mama Esta, mkubwa wao, aliyekuwa akiongoza maombi kanisani. "Balitembea siku ngapi?"

Sikujua. Nilichokijua ni kile tulichofundishwa Jumapili, kwamba watu wa Mungu waliuzunguka mji wa Yeriko siku saba na kuta zikaanguka zenyewe. Ikanijia bila kufikiri.

"Siku saba."

Mama Esta alishika kifua. "Kama Yeriko!" Na kina mama wakapiga vigelegele, mmoja akalia. Nilishuka ngazi mbili mbili, nikaikuta kamba inazunguka, nikaingia. Sikumbuki kama nilikosea.

Hivyo ndivyo mgomo wao ulivyopangwa. Siku saba viti vyote tisa vitakaa vitupu, mpaka Prezida aandike kila mama juu, na dosye yake. Walinunua unga wa siku saba na mafuta ya siku saba. Na kwa kuwa neno lilikuwa limethibitishwa na Biblia na Amerika kwa pamoja, Mama Esta akaamuru wazunguke jengo mara moja kila siku, bila kusema neno, na siku ya saba mara saba.

Jumatatu walianza. Walivaa vitenge vyao vya kanisani, wakapita mbele ya wauza dawa za mizizi na wapika vichwa vya ng'ombe, mama yangu wa pili kutoka mbele, kichwa juu. Mnaelewa? Kichwa juu, yeye aliyekuwa akijificha kwenye duka la majeneza. Nilimfuata nyuma nikiwa na begi la shule, na nilijivuna mpaka nikajikwaa. Wauza mboga waliuliza hili ni kanisa gani. Mama Riziki akashindwa kujizuia, akacheka, na Mama Esta akamtazama jicho ambalo lingekausha nguo.

Mpaka Alhamisi wateja walikuwa wanapanda ngazi na kushuka wakisonya. Jumamosi, siku ya fedha kwa msusi yeyote, tulichungulia kutoka ng'ambo ya barabara tukamwona Prezida dirishani, anasuka mwenyewe kwa vidole vyake vinene, mteja ameshika kichwa kwa maumivu. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Mama alinikumbatia, ananukia sabuni badala ya moshi wa nywele, akasema kesho nitakuwa mtoto wa mwanamke mwenye jina.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Jengo lilikuwa limefungwa kwa mnyororo. Hakuna aliyekuwa amepiga hesabu kwamba siku ya saba ingeangukia hapo. Walizunguka hivyo hivyo mara saba, wanawake tisa kulizunguka jengo lisilo na mtu, karatasi za chipsi zikipeperuka miguuni pao. Mara ya saba Mama Esta alipaza sauti, na wote wakapaza. Mlinzi wa karibu akatoka kuangalia nani ameibiwa. Kisha wakasimama wakiuangalia mnyororo. Walisimama muda mrefu sana. Mimi nilisikia njaa nikaomba turudi nyumbani.

Unga ulikuwa umekwisha. Jumatatu Mama Neema, mwenye watoto watano, alipanda ngazi kurudi kazini, analia. Jumanne wakapanda wanne. Hawakusema kwamba siku saba zilikuwa chache. Nani angesema hivyo, wakati wenzao wa Amerika ziliwatosha? Walisema kuna dhambi. Katika Biblia, baada ya Yeriko watu walishindwa vita kwa sababu mmoja wao, Akani, alificha kitu kiovu hemani mwake.

"Kati yetu iko Akani," alisema Mama Esta.

Wakamtafuta, na wakampata Mama Riziki, aliyecheka siku ya kwanza na ambaye, walikumbuka ghafla, alikuwa na rafiki wa kiume Mzulu. Hawakumpiga. Waliacha tu kumjibu salamu. Alikuja kwetu jioni moja, akasimama mlangoni, akamuuliza mama, "Na wewe pia?" Mama alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo. Hakuinua uso. Nami nilikuwa pale, na tayari nilijua kwamba zile siku saba zilikuwa zangu, lakini nilikuwa naogopa fimbo kuliko nilivyompenda Mama Riziki. Alihama wiki ile ile. Hatukumwona tena.

Mama ndiye wa mwisho kurudi, na alipopanda, kiti chake kilikuwa na mtu. Orodha ikaenda ofisini kama zamani. Baba hakurudi kutoka Cape Town. Tulisikia ana mke mwingine, aliyeandikwa mstari wa pili mahali pa mama. Tarehe kwenye fotokopi ikapita. Kuanzia hapo mama alisuka ndani ya chumba chetu, pazia limefungwa, vichwa vya majirani tu, na moshi ule ukaingia kwenye magodoro na kwenye mkate. Miaka ikapita pazia likiwa limefungwa. Mtu akisema maji hufuata mkondo, kwamba mambo hurudi yalikozoea kwenda, mimi huona pazia hilo.

Nilikua, nikaolewa na mwanaume mwenye karatasi, nikapata kazi ya usafi katika maktaba ya chuo kikuu Westville. Siku moja, napangusa vumbi rafu za ghorofa ya juu, nilikiona: jalada lile lile, kisafi kuliko chetu. Nilikifungua nikiwa nimesimama, kitambaa cha vumbi begani, nikazitafuta kurasa nilizoziruka.

Walitembea mwaka mzima na zaidi. Walitembea kwenye mvua. Walifukuzwa kazi, walikamatwa, nyumba zililipuliwa. Na kurasa zile zilieleza jinsi walivyoweza: wanawake ndio waliosambaza habari usiku kucha, watu wakabebana kwa magari, na wapishi wakapika kuku na keki majikoni mwao, wakauza, wakanunua petroli. Wapishi! Kina mama zetu waliokuwa wakiweza kupika mandazi ya kulisha msiba wa watu mia kwa moto wa kuni tatu. Maarifa yote ya namna ya kudumu yalikuwa humo, kati ya vidole vyangu viwili, na mimi niliyafunua pamoja ili niwahi kamba. Nilikaa chini kwenye zulia la maktaba nikalia, msimamizi akadhani nimefiwa.

Niliazima kitabu kwa jina la mwanafunzi mmoja mwema, nikaenda nacho kwa mama. Alikuwa tayari mgonjwa, na hospitali alikuwa haendi kwa kuogopa kuulizwa karatasi. Nilipanga kumwambia kila kitu. Nilimsomea kurasa zote, polepole, jioni tatu, bila kuruka hata mstari. Nilipofika kwenye mwaka mzima alinishika mkono.

"Hiki iko kitabu kingine?" aliuliza.

Pazia lilikuwa limefungwa. Aliniangalia kwa macho ya mtu anayeuliza kweli, na nikamwona Mama Riziki mlangoni, nikaiona ile sombe.

"Ndiyo, Mama," nikasema. "Ni kingine."

Alikubali kwa kichwa, akaweka kiganja juu ya ukurasa.

"Mwaka moja," alisema kama anayejisemea. "Sisi tulitoka Uvira na miguu, Furaha. Mwaka moja, tungeweza."

Tulimzika mwezi uliofuata, kwa jina la baba kwenye fomu, kwa kuwa hakuwa na jingine lililoandikwa. Mimi mwenyewe, karatasi yangu ikitoka, huwa najitafuta kwanza chini, mstari wa pili, chini ya mume wangu. Huwa nipo.