Salamu Zilizotumwa kwa Jina la Sumaiya

Sumaiya Mbwana alikuwa na kipaji kimoja ambacho hakifundishwi shuleni: alijua kubisha mlango wa mtu asiyemjua akakaribishwa ndani. Kazi yake, katika ofisi ya vyumba viwili juu ya duka la dawa pale Ukunda, ilikuwa kutafuta wateja. Ofisi ile ilitangazia watu biashara zao mitandaoni: wenye nyumba za wageni za Diani, wapambaji wa maharusi, wapishi, wenye magari ya kukodisha. Lakini mtu hatangaziwi mpaka akubali, na wa kumfanya akubali alikuwa Sumaiya, mwanamke wa Msambweni wa miaka thelathini na minne, mwenye simu moja na daftari moja.

Hakuanza hata siku moja kwa kutaja bei. Angeanzaje? Pwani hii ukimpigia mtu simu ukamtolea shida yako kabla ya kumuuliza ameamkaje, atajiuliza umelelewa na nani. Sumaiya aliuliza hali ya mwenyewe, ya mumewe, ya watoto, ya bibi aliyekuwa akiumwa miguu mwezi uliopita. Majibu yote aliyaandika daftarini, ili siku nyingine asiulize kama mgeni. Wenzake waliotoka bara walimcheka, eti anamaliza muda wa maongezi kwa kuulizia miguu ya mabibi. Wacheke. Mwisho wa mwezi wateja walikuwa wake.

Na hakuwapata kwa ujanja. Akisema atakuja Jumanne, Jumanne walimwona. Hakuwa na shahada, wala shamba, wala jamaa katika ofisi za kaunti. Alikuwa na jina lake tu, na jina hilo lilikuwa safi kuanzia Likoni mpaka Lungalunga.

Mwenye ofisi aliitwa Samuel, mtu wa Nakuru. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi, maana mtu mbaya ungemkasirikia ukapumua. Karibu na Ramadhani alinunua kile alichokiita mawakala wa akili mnemba: programu zinazotafuta majina ya wafanyabiashara zenyewe, zikawaandikia, zikawajibu na kuwakumbusha, pasipo mkono wa mtu kugusa chochote. Alipanga kuwauzia huduma hiyo wenye ofisi kama yake huko Mombasa na Nairobi. Siku ya kwanza mashine ikawaandikia watu mia mbili wa Kwale: "Habari. Je, ungependa kuongeza mauzo yako?" Akajibu mmoja, naye alitukana.

"Sumaiya, hii kitu inajua kila kitu, lakini haijui kuongea na watu wa huku," Samuel akasema. "Ipatie vile wewe huongea. Wewe utakuwa msimamizi, utakuwa unaangalia tu."

Wiki ile ile alikuwa amewaachisha kazi wafanyakazi wawili. Sumaiya aliogopa, na asiyewahi kuogopea mkate wake asimcheke. Akatoa ujumbe wake wote wa miaka miwili. Akatoa na daftari, likapigwa picha ukurasa baada ya ukurasa: miguu ya mabibi, mimba, talaka, wagonjwa. Kwa ufupi, aliifundisha mashine adabu.

Ikajifunza haraka kuliko mtoto wa chuoni. Kufikia adhuhuri ilikuwa imekwisha kuwasalimu watu mia mbili, kila mmoja kwa jina la mumewe na la watoto wake, na chini ya kila salamu kulikuwa na jina la Sumaiya. Yeye aliletewa waliokuwa tayari kulipa tu. Waliobaki mashine ilizungumza nao yenyewe, na hakuna aliyesoma walichosema.

Miongoni mwa waliobaki alikuwa Bi Fauzia wa Waa, mpishi wa maharusi. Miaka miwili nyuma Sumaiya alimtembelea nyumbani, akamkuta na mwanawe Feisal, wa miaka ishirini na miwili, figo zimekataa kazi, kila Jumatano anapelekwa hospitali kusafishwa damu. Alikaa naye saa mbili wakizungumza mpira, na Sumaiya mpira haujui hata kidogo. Feisal alicheka mpaka akakohoa. Siku ile aliandika daftarini: "Feisal, figo. Muulizie kila Alhamisi." Na kila Alhamisi alipiga simu, ingawa alijua Bi Fauzia hana cha kutangaza, kila alichokipata kinaishia hospitalini.

Daftari lilipopigwa picha, alijiambia ataendelea kumpigia. Hakumpigia. Kazi ya kuangalia tu ilimla siku nzima, na kila alipomkumbuka Feisal alijipoza kwa neno moja: salamu si zinakwenda? Zilikwenda kweli. Kila Alhamisi, saa nne kamili.

Feisal alifariki usiku wa Jumanne, akazikwa Jumatano baada ya adhuhuri. Sumaiya alizipata habari Alhamisi asubuhi kwa mamake. Alilia, akavaa buibui, akaomba ruhusa, akaenda Waa. Haikumpitikia akilini kwamba kuna mashine ya kupelekewa habari za msiba.

Wanawake walikuwa wamejaa mikekani. Bi Fauzia aliketi pembeni, ameegemea ukuta, macho yamevimba. Sumaiya alipiga magoti akambusu mkono.

"Pole, mama. Mola amrehemu."

"Amina, mwanangu. Kaa hapa nami." Bi Fauzia akaushika mkono wake, akaulaza mapajani pake.

Kando yao alikuwa Kadzo, jirani, ameishika simu ya mfiwa. Rambirambi zilikuwa zikiingia kwa wingi, na kwa kuwa Bi Fauzia hakuweza kuzisoma, Kadzo alizisoma kwa sauti, moja baada ya moja, na wanawake waliitikia amina. Ikaingia nyingine. Kadzo akaisoma bila kuipitisha macho kwanza.

"Assalaam aleikum, mamangu Bi Fauzia. Ni mimi mwanao Sumaiya. Waamkaje? Na Feisal je, jana hospitali walimwonaje? Mwambie ale vizuri, namwombea afya. Mama, mwezi huu tumepunguza bei ya..."

Akaishia hapo. Hakuna aliyeitikia amina.

"Sumaiya si huyu hapa?" bibi mmoja akauliza.

Sumaiya alifungua kinywa. Maneno yalikuwa ulimini: si mimi, ni mashine ya ofisini. Yangetosha. Lakini Bi Fauzia alimtangulia.

"Msimlaumu. Mitandao huchelewesha. Salamu za huyu ndizo zilizomweka mwanangu miezi hii." Akamgeukia. "Alhamisi hata hakulala asubuhi. Aliniambia, 'Mama, lete simu, dada Sumaiya ataniuliza.' Alikujibu mwenyewe. Siku ambazo chakula hakikupita, alijilazimisha, apate kukwambia amekula."

Maneno yakarudi kooni.

Bi Fauzia akashusha sauti, lakini chumba kizima kilimsikia. "Alikuandikia kwamba ana neno la kukwambia, mimi nisilisikie. Ukamjibu, 'In sha Allah nitakuja Jumamosi.' Tukamwogesha, akavaa kanzu, akakaa kitini mpaka magharibi. Ukaandika tena utakuja. Akakaa tena. Mara tatu, Sumaiya. Sikukuuliza, nilisema una kazi. Lakini sasa nakuuliza. Lilikuwa neno gani? Alikuandikia?"

"Hakuniandikia, mama."

"Na mbona hukuja?"

Hapa ndipo Sumaiya angeweza kujiokoa. Akisema ukweli, wanawake hawa watamlaani Samuel na mashine yake, na kabla ya jua kuchwa Waa nzima itajua kwamba si yeye aliyevunja ahadi. Na mama huyu atajua kwamba mwanawe alijilazimisha kula kwa ajili ya kitu kisichokuwa na mtu ndani yake. Kwamba katika miezi yake ya mwisho hakuna aliyemuulizia.

Aliutazama mkono wake juu ya mapaja ya Bi Fauzia.

"Nilipuuza," akasema.

"Ulikuwa na dharura?"

"Sikuwa na dharura, mama. Nafasi nilikuwa nayo. Nilipuuza tu."

Kilichomchoma zaidi ni kwamba haukuwa uongo wote. Nyuma yake mtu alisonya, mwingine akanong'ona "subhanallah," na alijua neno hilo litatoka mlangoni kabla yake na litafika Ukunda na Msambweni, kwa wapishi na wapambaji na wenye nyumba, kwa kila aliyewahi kumfungulia.

Bi Fauzia alimtazama. Kisha akauinua ule mkono kutoka mapajani pake, akauweka mkekani, taratibu, bila hasira.

"Kadzo," akasema, "nisomee inayofuata."