Kaka Yangu na Nchi ya Viazi

Mwanzoni mwa miaka ya sabini kaka yangu alikuwa bwana shamba wa upande wetu wa Gesima, na hakuwa na mazungumzo mengine ila viazi. Mvua ikizidi, majani yake yaligeuka meusi kana kwamba yamemwagiwa maji ya moto, na mkulima akavuna uozo. Kaka alilichukulia jambo hilo kama tusi lake binafsi. Basi alipochaguliwa kwenda kwa miezi kadhaa kwenye milima ya Andes, huko Bolivia, kujifunza kwa watu ambao mababu zao ndio walioanza kulima viazi duniani, nyumba nzima iliianza safari ile pamoja naye.

Mama alisumbuliwa zaidi na habari kwamba kule hewa ni chache.

"Hewa inakuwaje chache? Nani ameimaliza?"

Kaka akamweleza kwamba ni juu sana, kupita kilima cha Manga mara nyingi, hata miti haikubali kuota, na mgeni akifika huumwa kichwa na kuhema. Akamwambia pia kwamba wenyeji huviacha viazi nje vigandishwe na baridi ya usiku, kisha huvikanyaga kwa miguu kuvitoa maji na kuvianika, vikakaa miaka bila kuharibika.

"Viazi vya kukanyagwa! Na wewe utakula?"

"Nitakula, mama."

Mimi nilimfumia sweta. Mikono yake ilitoka mirefu kupita kiasi kwa sababu nilikuwa nimenuna, naachwa nyumbani na mtu niliyemzoea, na sikutaka kumwita nimpime. Baba, ambaye sote tulimwita Tata, alisema sweta haina haja, maana mtu wa Gesima afundishwe baridi na nani? Hata hivyo kila jioni kaka alipanda kilima cha nyuma ya nyumba na gunia la mbegu mgongoni, akikizoeza kifua chake, na majirani wakasema kazi ya serikali imemtia kichaa.

Kubwa zaidi lilikuwa Kihispania. Sisi ni Wasabato, na mtu pekee aliyekijua ni padri mmoja wa misheni ya Wakatoliki. Kaka akawa anamwendea kila Jumapili. Mzee wa kanisa letu alikuja kumwuliza mama, kwa upole wa kuudhi, kama kijana amehama dini. Kaka hakujali. Alirudi akiwasalimia ng'ombe kwa Kihispania, na Tata akicheka mpaka akakohoa.

Mipango si matumizi. Safari ikiwa imekaribia, Tata alivimba tumbo na kuanza kukataa ugali wa wimbi, chakula alichokipenda kuliko vyote. Hospitalini Kisii walituambia tumrudishe nyumbani tumpe chochote atakachotaka. Hakuna aliyehitaji kufasiriwa maneno hayo.

Kwetu, baba akifa, mwanawe wa kwanza wa kiume ndiye anayepiga jembe la kwanza kaburini, ndipo wengine wachimbe. Kaka alikuwa mtoto wa kiume wa pekee. Na siku zile maiti haikungoja mtu avuke bahari. Baba mdogo, nduguye Tata, akaita wazee uani kwetu.

"Ukiwa huko, nani atafungua udongo?" akamwuliza kaka. "Dada zako hawa?"

Nilikuwa nikiwamiminia chai, na Mungu anisamehe, nilitamani kuimimina magotini pake. Tata alikuwa amelala ndani, akisikia kila kitu. Akaita kwa sauti iliyokatika, "Mwacheni aende! Mimi nitakufa tu, awepo asiwepo."

Baba mdogo akasema huo ni ugonjwa unaoongea. Wazee wakaitikia, na hakuna aliyekwenda kumwuliza Tata mara ya pili.

Nafasi ya kaka akapewa mwenzake wa kazini. Siku hiyo kaka aliingia chumbani kwa Tata, akakaa kwenye kigoda. "Nimebaki, Tata," akasema. Tata akageukia ukutani.

Kisha Tata hakufa. Uvimbe ulipungua polepole, akaanza kunywa uji, na mvua mpya ilipofika alikuwa nje akiwakatia ng'ombe majani. Tulifurahi, nisije nikadhaniwa mtoto asiye na shukrani. Lakini tangu hapo hakumtazama kaka usoni. Kaka akiingia, yeye alikumbuka kazi nje. Mwenzake aliporudi kutoka Bolivia na picha, kaka alizitazama zote, akasema ni nzuri, na nyumbani hakuzitaja tena. Nafasi nyingine haikuja. Niliumia kuwaona wanaume wawili wanaopendana wakikwepana katika boma moja, mmoja akiona haya kwa sababu yu hai.

Nilikwisha kuolewa Nyacheki, na mwanangu wa kwanza ameanza shule, Tata alipougua ugonjwa wake wa mwisho. Aliwaita wazee mwenyewe, akamwambia baba mdogo mbele yetu sote, "Jembe la kwanza utapiga wewe. Mwanangu asiliguse. Kazi hiyo alishaifanya siku ile mliyomzuia."

Neno la anayekufa halipingwi. Najua Tata alitaka kumfungua mwanawe, na hata leo naamini hakukusudia jingine.

Asubuhi ya mazishi baba mdogo, naye sasa mzee, aliinua jembe, akapiga. Vijana wa ukoo wakapokea na kuchimba. Kaka alisimama pembeni akitazama mashimo madogo ya majembe yao yakiungana kuwa kaburi. Nikaenda nikamshika mkono. Hakunitazama.

"Sasa mimi," akaniuliza, "nilibaki kufanya nini?"