Kivuli cha Birika

Fundi Rula hakupewa jina hilo kwa mapenzi. Alipewa kwa sababu katika miaka yote ya kuchora mabango hakuwahi kupiga mstari bila rula, na ungemwomba akuchoree yai angekuuliza kwanza lina upana wa inchi ngapi. Karakana waliirithi kwa baba yao, yeye na mdogo wake: chumba kimoja kirefu chenye harufu ya tapentaini, dirisha moja, na ukutani maneno ya marehemu kwa rangi nyekundu: MWANGA JUU KUSHOTO, KIVULI CHINI KULIA. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria. Iwe herufi, iwe chupa, iwe kiatu, jua lake litoke kushoto na kivuli chake kianguke kulia. Rula aliishika sheria hiyo kwa miaka hamsini, na sidhani kama kuna siku hata moja aliyojiuliza imewekwa kwa nini.

Mdogo wake alikuwa mtu wa namna nyingine. Huyo aliweza kukaa nusu saa nzima akitazama maji yakichemka, na wala hakuwa na haja ya chai. Rula alimhesabu kuwa mvivu, tena alimwambia hivyo mbele ya wateja.

Mwaka mmoja Rula akalazwa hospitali kwa homa ya matumbo, na kiwanda cha mabirika kilichokuwa kimeagiza bango kikakataa kumsubiri apone. Mdogo akaifanya kazi peke yake. Lilikuwa bango la manjano, la mabati manne yaliyopigiliwa kwenye fremu ya mbao, likatundikwa juu ya duka la kona. Birika la bluu, kubwa kama mlango, mvuke ukipanda kutoka mdomoni mwake, na chini maneno: BIRIKA HILI HALIVUJI. Rula alipotoka hospitali alikwenda na mdogo wake kulitazama asubuhi na mapema. Watu wawili watatu walikuwa wakingoja duka lifunguliwe. Akainua macho. Kivuli cha birika kilikuwa kushoto.

"Wewe, kwako jua linachomoza wapi?" akamuuliza mdogo wake kwa sauti iliyosikika mpaka ng'ambo ya barabara.

Watu wakacheka. Mdogo akakuna shingo.

"Kaka, ngoja basi mpaka saa kumi ndiyo uta..."

"Ningoje nini? Leo wewe ndiye wa kunifundisha kivuli mimi?"

Tangu siku hiyo mdogo akaitwa Kivuli. Rula ndiye aliyelianzisha jina, wateja wakalidaka, na fundi anayeitwa kwa kosa lake hapati kazi nyingi. Haukuisha mwaka, Kivuli akaondoka karakana. Maisha yake yaliyobaki aliyamaliza akipaka chokaa kuta za shule, kazi isiyohitaji kivuli cha upande wowote. Rula aliendelea kukisimulia kisa cha birika arusini, barazani, kila alipopata wasikilizaji. Na niseme tu, ingawa ni aibu kusema: alikisimulia hata msibani kwa mdogo wake mwenyewe, miaka miwili iliyopita, akidhani anawachangamsha wafiwa. Mjane alinyanyuka, akaingia ndani.

Basi jengo la kona likaja kubomolewa. Mjane wa Kivuli alipopata habari alikwenda akasimama mbele ya mashine ya kubomolea, mama mtu mzima na mkoba wake begani, mpaka msimamizi wa ubomoaji akakubali kumshushia yale mabati. Msimamizi alidhani anakwenda kuezekea banda la kuku. Mama akalisukuma bango kwa mkokoteni wa kukodi, moja kwa moja mpaka kwa Rula, maana mafundi wengine wa kazi hiyo walikwisha kufa au walikwisha kuhamia kwenye kompyuta.

"Shemeji, nioshee tu," alimwambia. "Toa uchafu, zuia kutu, basi. Nataka nilitundike sebuleni. Sina kitu kingine kilichobaki chenye mkono wake."

"Litaenea hilo sebuleni kwako?"

"Nitatoa kabati."

"Niachie, shemeji. Wala usiwe na wasiwasi."

Akamwachia. Hilo ndilo kosa pekee ninaloliona kwa mama huyu.

Kwa wiki tatu Rula alifanya kazi vizuri, tumpe haki yake. Juu ya bango palikuwa na matangazo ya karatasi yaliyobandikwa miaka nenda rudi, la mganga juu ya la simu, la simu juu ya la mgombea aliyekwisha kusahauliwa. Aliyalowesha kwa maji ya uvuguvugu, akayamenya kidogo kidogo kwa ukucha. Bluu ikaanza kutokea. Kisha ukatokea mvuke, mwepesi, hauna mstari hata mmoja, umepakwa kwa brashi iliyokaribia kukauka. Rula aliutazama kwa muda mrefu. Hakuwahi kuchora mvuke wa namna ile, na alijua hawezi. Akatoka nje kidogo akajifanya anatafuta kitambaa.

Jambo moja lilimkera. Tumbo la birika lilikuwa limejaa mabonde madogo madogo, alama za mawe. Maneno ya chini hayakuguswa hata na jiwe moja, ila birika lilikuwa limepondwa kama adui. Aliwalaani watoto wasio na adabu, akayanyoosha mabonde kwa nyuma na nyundo ya mpira, akayaziba kwa puti, akapiga msasa mpaka bati likawa laini. Herufi nazo zilikuwa zimechakaa, akazipitia upya, na alipozipitia akazinyoosha, kwa rula.

Kikabaki kivuli. Siku tatu nzima alikizunguka. Alisema moyoni kwamba ameambiwa aoshe tu. Lakini aliwaza siku atakayoingia mgeni mjuzi pale sebuleni, atazame ukutani, acheke, na marehemu hana mdomo wa kujitetea. Akaona ni wajibu wa kaka kumsitiri mdogo wake. Siku ya nne akachukua msasa, akakiondoa kivuli cha kushoto, akapapaka manjano, akachora kipya upande wa kulia. Alikichora vizuri mno. Machozi yalimtoka alipokuwa akikimalizia, na akaamini kwamba sasa yeye na mdogo wake wamepatana.

Shemeji yake alikuja Jumamosi. Alisimama mlangoni akatabasamu, maana bluu ilikuwa inang'aa. Kisha tabasamu likamwisha. Akasogea, akapitisha kiganja upande wa kushoto wa birika, kwenye rangi mpya ya manjano.

"Kivuli kiko wapi?"

"Nimekirudisha mahali pake. Sasa hakuna tena wa kumcheka."

"Nani alikuwa anamcheka, shemeji, zaidi yako?"

Rula akakohoa. Akasema kwamba kazi ina sheria zake, hata baba yao aliziandika ukutani. Mama yule hakugeuka kuutazama ukuta.

"Alikaa siku tatu kwenye ngazi za duka la ng'ambo kabla hajachovya brashi," alisema. "Chakula nilikuwa nampelekea mimi, ndiyo kwanza tumeoana. Akaona asubuhi pale hakuna mtu anayeinua macho, kila mtu anawahi kazini. Watu wanatazama juu saa kumi, wafanyakazi wakitoka kiwandani. Na saa kumi jua la pale linatoka kulia. Kingo za paa, nguzo, misumari, vyote vinatupa kivuli kushoto. Ukipita saa hizo ungeapa birika limening'inia kweli. Watoto walikuwa wanalirushia mawe wasikie litalia vipi." Akaligusa tumbo la birika, laini kama sahani. "Hata alama zao umezifuta."

"Mbona hakuniambia?"

"Alikuambia ungoje."

Rula alikumbuka asubuhi ile neno kwa neno, maana alikuwa ameisimulia miaka yote hiyo. Sehemu hiyo tu ndiyo aliyokuwa akiiruka, kwa sababu haikuwa ya kuchekesha.

"Nipe wiki moja, shemeji. Nitakirudisha kama kilivyokuwa."

"Utakirudisha wewe," mama akasema. "Yeye hawezi." Akatengeneza mkoba begani. "Baki nalo tu. Hili sasa ni lako." Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

Siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu aijue kazi, Rula alifunga karakana kabla ya saa kumi. Alitembea mpaka kwenye kona. Jengo halikuwepo, palikuwa na uzio wa mabati mapya kuzunguka shimo, na mlinzi alikuwa ametundika koti lake kwenye msumari. Jua lilikuwa linaingia barabarani kutoka kulia. Kivuli cha koti kilikuwa kushoto, kirefu, kimetulia. Rula akasimama akakitazama.

"Mzee, unamtafuta nani?" mlinzi akamuuliza.

"Mdogo wangu."

"Anafanya kazi hapa?"

"Alifanya. Mara moja."

Jumatatu akaja mteja kutaka bango la duka. Alilikuta birika limeegemezwa ukutani, akarudi nyuma hatua mbili alitazame vizuri.

"Kazi safi, fundi. Limenyooka. Mtu haulizi, anajua tu huu ni mkono wako."

"Ni mkono wangu," Rula akajibu.

"Ila huo mvuke umefifia. Ungeukazia kidogo."

"Huo uache. Ndio peke yake uliobaki."

Mteja hakuelewa, wala hakuuliza. Alitoa karatasi mfukoni akaanza kueleza jina la duka lake na herufi anazozitaka. Rula akavaa miwani, akachukua rula.